Leo Mwezi Ngapi? Swali la Kwanza Kabla ya Kuzamia

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), wiki hii twataka kuzungumza na aila zetu juu ya jambo ambalo hatukudhani kwamba tungeliandikia katika safu hii, nalo ni namna ya kuchagua pwani ya kuingilia baharini kwa wale wanaotaka kuzamia kwa mtungi wa hewa. Twaandika kwa sababu tuliulizwa tukajibu, na jibu letu lilikuwa na upungufu mkubwa. Mwenye kuulizwa akikosea, kosa lake huwafuata wote waliomsikiliza.

Aila moja ya mtaani kwetu ina kijana anayesoma Misri. Alipokuwa huko alijifunza kuzamia katika mji wa Dahab, pwani ya Sinai, akapata na cheti chake. Aliporudi likizo aliahidi kuwatembeza dada zake wawili, ambao nao walikuwa wamekwisha kufundishwa misingi ya kuzamia na mwalimu wa kike. Mama yao alitujia kutaka shauri. Tulimuuliza mambo matatu: mavazi yatakuwaje, nani watakuwa pamoja, na Sala itahifadhiwa vipi. Alitujibu kwamba mavazi ni ya stara, kaka yao ndiye atakayewaongoza, na pwani waliyoichagua ni ya faragha, haina watu. Wataingia Jumamosi baada ya kuswali Alasiri, jua likiwa limepoa na maji yamejaa, na Magharibi itawakuta nyumbani. Tukaona mambo yote yamekaa sawa. Tukasema, nendeni, Mwenyezi Mungu awahifadhi.

Habari zikamfikia bibi yao. Huyu ni mama mtu mzima ambaye kwa miaka mingi amelea watoto wake kwa pweza aliokuwa akiwatafuta mwambani maji yanapopwa. Hakuuliza juu ya mtungi wala cheti. Aliuliza neno moja tu: "Jumamosi hiyo itakuwa mwezi ngapi?"

Hakuna aliyeweza kumjibu. Sisi wenyewe, ambao kila mwezi husimama nje ya msikiti kuutazamia mwandamo, hatukuwa tumelifikiria. Akahesabu kwa vidole, akasema, "Itakuwa mwezi kumi na tano. Basi hamwendi."

Wasomaji wetu wa pwani wengi wanayajua haya, lakini vijana wetu waliokulia mabarazani na kwenye simu wameyasahau, kwa hivyo tuyaeleze. Maji ya bahari hufuata mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe mosi na tarehe kumi na tano, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Hapa Mombasa tofauti baina ya kujaa na kupwa katika bamvua kubwa hukaribia mita 4. Mwezi unapokuwa nusu, karibu na tarehe saba au nane na tarehe ishirini na mbili au ishirini na tatu, huwa ni maji mafu, na tofauti hiyo hushuka hadi karibu mita moja. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa yake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Siku za bamvua, maji kwetu hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kiasi cha saa nne. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa kiasi cha saa nne asubuhi.

Sasa tazama hatari iliyokuwa imejificha. Mwamba wetu umeufuata ufuo kwa mbali kidogo, na ndani yake kuna maji ya kina kifupi. Maji hayo yanapopwa lazima yapate njia ya kutokea, na njia yake ni ile milango iliyo kwenye mwamba pamoja na midomo ya hori. Katika bamvua, wingi wa maji ya mita kadhaa hutaka kutoka kwa saa sita tu kupitia milango hiyo. Pwani waliyoichagua wale vijana ilikuwa mkabala na mlango mmojawapo. Wangaliingia saa kumi na kidogo, maji yakiwa yamesimama, mazuri, yanang'aa. Baada ya nusu saa yangalianza kutoka. Kufikia saa kumi na moja yangalikuwa yanavuta kwa nguvu kuelekea bahari kuu, na giza liko njiani.

Kijana hakuwa mzembe. Alijifunza mahali pengine. Huko Dahab mwamba umegusana na ufuo. Mtu hutembea hatua chache akakuta kina kirefu, na kujaa na kupwa kwa Bahari ya Sham ni kudogo mno kukilinganishwa na kwetu. Mwalimu wake alimfundisha kutazama upepo, mawimbi na kina. Hata huko bahari haina mzaha: karibu na Dahab kuna kisima cha baharini kiitwacho Blue Hole ambacho kimeua wazamiaji wengi, na vibao vya majina yao vimebandikwa kwenye jabali lililo kando yake. Lakini elimu ya pwani moja haitoshi kwa pwani nyingine. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Jumamosi ile tulikwenda sote pwani, bibi akiwa mbele. Saa kumi na moja kasorobo aliokota kumbi la nazi, akamwambia mjukuu wake alitupe kadiri ya mkono wake utakavyofika. Tukatoa tasbihi, tukaanza kuhesabu. Hatujafika mia, kumbi lilikwisha kupita mlangoni na hatukuliona tena. Mama wa wale wasichana alikaa mchangani. Alisema kwa sauti ya chini, "Shekhe, nawe ulitwambia twende." Hatukuwa na la kumjibu ila istighfari.

Kwa hivyo, ndugu zetu, yule atakayekuja kwetu au kwa shekhe mwingine na suala kama hili, na aulizwe mavazi na Sala, ndiyo, lakini aulizwe na haya pia.

La kwanza ni mwezi ngapi na maji yanajaa saa ngapi. Siku njema kwa wasiozoea ni za maji mafu, na wakati mwema ni maji yanapomalizia kujaa hadi yanaposimama, ili mtu atoke kabla hayajaanza kupwa. Vitabu vya majira ya maji vipo, na wavuvi wapo.

La pili ni mlango uko wapi. Pwani iliyo karibu na mlango wa mwamba au mdomo wa hori si pahala pa kuingilia kwa miguu. Mdomo wa Mida kule Watamu una mapango na tewa wakubwa wanaowavutia wazamiaji, lakini mkondo wake ni mkali na huendewa kwa chombo na watu wanaoujua. Midomo ya Mtwapa na Kilifi ina vyombo vingi vinavyopita. Likoni ni njia ya meli kubwa, hata haizungumziwi.

La tatu ni msimu. Kusi, tangu mwezi wa nne au wa tano hadi wa tisa, huleta mawimbi, na mvua za masika huyachafua maji kwa udongo wa mito. Kaskazi, tangu mwishoni mwa mwaka hadi mwezi wa tatu, bahari hutulia na maji huwa maangavu zaidi.

La nne ni pa kutokea. Watu huchagua pa kuingilia wakasahau kwamba watatoka wakiwa wamechoka, na mtungi mzito mgongoni. Tafuteni ufuo wa mchanga usio na mawe makali wala viumbe vya miiba, na muwe na pahala pa pili pa kutokea iwapo maji yatawasogeza.

La tano ni nani anayepajua. Ndani ya mwamba wa Nyali na Bamburi, ambako ni hifadhi ya bahari tangu 1986, na Watamu, iliyohifadhiwa tangu 1968, kuna waongozaji wanaopajua na askari wa hifadhi. Kuruwitu, karibu na Vipingo, wanakijiji wenyewe waliifunga sehemu ya bahari yao isivuliwe, samaki wakarudi. Huko mgeni huingia kwa idhini na mwongozo wao. Mwambao wetu mwingi ndani ya mwamba hauna kina kirefu, na kwa aila nyingi miwani ya maji na mrija wa kupumulia vyatosha kuiona kazi ya Muumba bila ya mtungi. Anayetaka kina, wengi wetu hulazimika kukifuata kwa boti nje ya mwamba, na hilo lina masharti yake. Mama mjamzito asizamie kwa mtungi kabisa.

Limebaki jambo la faragha, na hili twalisema kwa kina mama hasa. Twajua kwa nini mwatafuta pwani zisizo na watu. Lakini pwani isiyo na mtu wa kukutazama haina pia mtu wa kukuokoa. Stara itafuteni kwa wakati: asubuhi mapema, siku zisizo za mapumziko, katika pwani inayojulikana. Itafuteni kwa wenzenu: kina mama wawili watatu wakae ufuoni, macho yao majini, simu mkononi, wakijua wazamiaji wameingia saa ngapi na watatoka saa ngapi. Nguo ya kuzamia hufunika mwili wote. Juu yake mtu avae vazi pana hadi ukingo wa maji na alikute hapo atokapo. Buibui au nguo yenye kupepea ndani ya maji huwa nzito na hunasa kwenye mipira ya hewa. Sheria yetu haikuiweka stara ili iwe sababu ya mauti.

Wale vijana walikwenda Jumamosi iliyofuata, mwezi ishirini na mbili. Waliingia saa tatu na nusu asubuhi katika pwani aliyoichagua bibi, mbali na mlango, pamoja na mwongozaji wa hapo. Bibi alikaa ufuoni na mkeka wake. Walitoka saa nne na robo, na Adhuhuri tuliiswali pamoja nao.

Kutawakali ni wajibu, lakini huja baada ya mtu kutimiza lililo juu yake. Mwezi ule ule tunaoutazamia kwa ajili ya Ramadhani na Idi umewekwa pia utuongoze katika safari zetu, na elimu yake ingali kwa mama zetu na bibi zetu. Tuwaulize kabla hawajaondoka nayo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.