Tunapofunga hesabu za duka, tusimsahau aliyesimama kaunta

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ambaye kabla ya kupewa Utume alifanya kazi ya biashara, na watu wa Makka wakamwita Al-Amin, yaani mwaminifu.

Ndugu Waislamu, mwezi wa Dhulhijja unapoelekea ukingoni, wengi wetu ambao riziki yetu ipo dukani hugeuka nyuma na kuutazama mwaka. Ni mwaka uliopita mbio. Zilikuja siku za shule kufunguliwa, wazazi wakatujia na orodha za madaftari, sare na viatu. Ukaja mwezi mtukufu wa Ramadhani, tukauza tende, sukari na unga wa ngano. Na lilipoingia kumi la mwisho, Mtaa wa Kongo pale Kariakoo ukawa haupitiki kwa wingi wa wanaotafuta kanzu, madera na nguo za watoto. Hatujapumua, ikaja Idd el Hajj. Kati ya msimu na msimu zilikuwepo siku za ukimya, ambapo tulikaa mlangoni tukihesabu wapita njia huku kodi ya fremu ikitusubiri.

Sasa ni wakati wa kufunga hesabu. Mlango unafungwa mapema, mizigo inateremshwa kutoka stoo, na kila kitu kinahesabiwa na kuandikwa. Kwa Muislamu kazi hii ni ibada pia, kwa kuwa ndiyo njia ya kuijua zaka ya biashara mwaka unapotimia kwa kalenda ya mwezi mwandamo. Bidhaa hupigiwa hesabu kwa thamani yake ya siku hiyo, si kwa bei tuliyonunulia. Huongezwa fedha taslimu, zilizopo benki na kwenye simu, pamoja na madeni tunayotarajia kulipwa. Kisha huondolewa madeni yaliyotufika muda wa kuyalipa. Rafu, mizani na friji havimo, kwani havikuwekwa ili viuzwe. Kinachobaki, kikifikia thamani ya gramu 85 za dhahabu, hutolewa asilimia 2.5.

Tuchukue mfano. Mwenye bidhaa za Sh milioni 30, fedha Sh milioni 4 na madeni ya kudai Sh milioni 2, ana jumla ya Sh milioni 36. Ikiwa anadaiwa na wauzaji wa jumla Sh milioni 6, zinabaki Sh milioni 30, na zikiwa zimefikia kiwango hicho cha dhahabu, zaka yake ni Sh 750,000. Hesabu ni nyepesi, na kila mwenye duka anaiweza.

Lakini katika hesabu hiyo umo mstari mmoja ambao aghalabu hauandikwi. Ni mstari wa kijana au binti aliyesimama kaunta mwaka mzima. Mshahara wa miezi miwili ambao hatujamlipa si mali yetu, hata kama fedha hizo zimo ndani ya droo yetu na funguo tunazo sisi. Ni deni. Na deni la mja haliondolewi kwa sadaka, wala kwa futari tunayowaandalia watu mia msikitini, ilhali aliyetuuzia bidhaa zilizoleta fedha hizo alifuturu kwa maji na tende mbili huku mteja akimuuliza bei.

Tuyatazame na masaa yake. Duka hufunguliwa saa 2:00 asubuhi na kufungwa saa 3:00 usiku. Tukiondoa saa moja ya mapumziko, kama anaipata, amefanya kazi saa 12 kwa siku, na kwa siku sita ni saa 72. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, imeweka saa za kawaida kuwa zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, na zilipwe kwa kiwango kisichopungua mara moja na nusu. Kijana wetu amezidisha saa 27 kila wiki, yaani saa 108 katika wiki nne. Nani aliziandika? Nani alizilipa? Tangu mwaka 2025, ulipozinduliwa utaratibu wa biashara ya saa 24 Kariakoo, swali hili limekuwa zito zaidi. Mlango wa duka unaweza kukaa wazi usiku na mchana, lakini mwanadamu hawezi. Binti anayetoka kazini usiku kwenda Mbagala au Gongo la Mboto ana mama anayemsubiri, na pengine ana mtoto aliyelala bila kumuona.

Dini yetu haikuliacha jambo hili hewani. Mtume (SAW) ametuagiza tumlipe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Amewaita walio chini ya mikono yetu kuwa ni ndugu zetu, akakataza kuwatwisha wasiloliweza, na tukiwatwisha basi tuwasaidie. Aidha, imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, ni yule aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Ndugu yangu mwenye duka, kesi ya namna hiyo haina wakili.

Kipo pia kisa mashuhuri cha watu watatu waliofungiwa na jiwe pangoni. Kila mmoja alimuomba Mwenyezi Mungu kwa amali yake njema. Mmoja wao alikuwa mwajiri. Mfanyakazi wake aliondoka bila kuchukua ujira, nao ulikuwa ni kipimo cha nafaka tu. Bwana yule aliupanda, akauzalisha, hata ukawa mifugo. Miaka ikapita, mfanyakazi akarudi kudai haki yake. Akaambiwa achukue vyote anavyoviona. Akadhani anafanyiwa mzaha, lakini haukuwa mzaha, akavichukua vyote, na jiwe likasogea. Tuzingatie: mwajiri yule angeweza kumpa nafaka yake na kusema tumemalizana. Sisi tunaozungusha mshahara wa mfanyakazi katika mtaji wetu kwa miezi, tukanunulia mzigo na kupata faida, humrudishia nini? Wengine hata nafaka yenyewe hatuirudishi.

Lipo na suala la Ijumaa. Katika Surat al-Jumu'a tumeamrishwa kuacha biashara inapoadhiniwa Sala ya Ijumaa, na baada ya sala tukaruhusiwa kutawanyika kutafuta fadhila za Mola wetu. Sura hiyo hiyo imewalaumu walioukimbilia msafara wa biashara wakamwacha Mtume (SAW) amesimama akihutubu. Je, vipi sisi tunaovaa kanzu nyeupe, tukajipaka manukato, tukaenda kukaa safu ya mbele Msikiti wa Mtoro, huku tumemwacha kijana wa Kiislamu alinde duka? Wiki ya kwanza ni dharura. Je, wiki ya hamsini? Duka lililofungwa kwa saa moja halijapata kufilisika kwa sababu hiyo.

Tunajua watakaosema kwamba na wenye maduka wana mizigo yao: kodi ya pango, kodi ya Serikali, mizigo iliyochelewa bandarini na wateja wa mkopo wasioonekana tena. Ni kweli, na hatuwadharau. Lakini shida ya tajiri haihalalishi jasho la asiye na kitu. Mwenye kupungukiwa amweleze mfanyakazi wake kwa uwazi, wakubaliane siku ya kulipa, na waiandike, kwani Qur'ani imetufundisha kuandika madeni. Kilicho kibaya ni kumpiga kalenda, kumjibu kwa ukali anapouliza, au kumkata mshahara kwa kila kilichopotea dukani bila uchunguzi. Wanazuoni wengi wameeleza kuwa mwajiriwa ni mwenye kushika amana, naye halipi kilichopotea ila iwapo amezembea au amevuka mipaka.

Nanyi wadogo zetu mnaosimama kaunta, haki ina pande mbili. Kumuongezea mteja bei na kutia ziada mfukoni, kumpunja katika mizani, kumpa rafiki bidhaa kwa siri, au kuficha chenji, ni khiyana, hata kama mshahara ni mdogo. Dhuluma haiponyi dhuluma. Mtume (SAW) amebainisha kuwa mtunza hazina mwaminifu, anayetoa alichoamrishwa kwa moyo mkunjufu, anahesabiwa miongoni mwa wanaotoa sadaka. Kwa hiyo, tajiri wako akitoa zaka kutokana na mali uliyoilinda, nawe una fungu lako mbele ya Mola wako.

Basi, kabla ya Muharram kuandama, tunawanasihi wenye maduka wafanye mambo haya. Wakae na wafanyakazi wao, waulize kwa upole: tunadaiwa nini nawe? Walipe malimbikizo kabla ya kupiga hesabu ya zaka. Waandike mkataba, hata kama mfanyakazi ni mtoto wa shangazi aliyeletwa kutoka kijijini, kwani udugu ndio unaostahiki zaidi kulindwa na maandishi. Wapange zamu za mapumziko, na Ijumaa wafunge mlango wakaswali pamoja. Na kina mama majumbani wawaulize waume zao swali hili wanapoleta faida nyumbani, kwani watoto wetu wanakula kutoka humo.

Novemba 16, 2024 ilikuwa Jumamosi kama Jumamosi nyingine pale Kariakoo. Watu walifungua maduka na wateja wakaingia. Asubuhi hiyo jengo la ghorofa likaporomoka, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Hakuna aliyepewa nafasi ya kufunga daftari kwanza. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na atujaalie sisi tuliobaki kujihesabu kabla ya kuhesabiwa.

Ewe Mola wetu, zibariki biashara zetu, zitakase mali zetu, na usitufanye miongoni mwa wenye kula jasho la wengine. Amin.