Hatari! Usiipige leminesheni

Jamani, kuna ugonjwa umetuingia hapa mjini. Mpe mtu wa Arusha karatasi yoyote anayoithamini, iwe cheti cha kuzaliwa au picha ya harusi ya bibi yake, mbio zake ni stesheneri: "Nipigie leminesheni!" Akitoka pale plastiki bado ina moto, anajiona kamaliza kazi. Kwa kitambulisho cha kazini, poa. Lakini kuna karatasi ukiifanyia hivyo umeshaiua, nayo ni bango la zamani la sinema.

Usicheke. Mwaka 2017 bango moja la filamu ya Dracula ya mwaka 1931 liliuzwa mnadani Marekani kwa dola 525,800. Karatasi tu hiyo!

Na sisi tuna la kwetu. Filamu ya Hatari! ya John Wayne, chini ya mwongozaji Howard Hawks, ilipigwa huku huku kwetu, chini ya Mlima Meru, kabla ya Uhuru, ikatoka mwaka 1962. Mjerumani Hardy Krüger aliyecheza humo alinogewa mpaka akanunua shamba Momella, na leo pale pana loji ya watalii inaitwa Hatari Lodge. Wamarekani walipanga foleni kwenye majumba ya sinema chini ya bango lenye neno la Kiswahili. Bei yake haikaribii ya Dracula hata kidogo, lakini kwa mtu wa Arusha hiyo ni historia ya nyumbani.

Sasa tuseme babu yako alikuachia moja kwenye sanduku la bati. Ufanyeje?

Wenzetu Marekani wana mtindo wao. Unapeleka karatasi kwa wataalamu, wanakagua pembe, mikunjo, madoa na matundu ya pini, wanaipa alama mpaka 10, kisha wanaifungia kwenye plastiki ngumu inayoonyesha. PSA walianza mwaka 1991 na kadi za wanamichezo, CGC wakafuata mwaka 2000 na vitabu vya katuni. Washabiki wa sinema nao wamekuwa wakibishana: na karatasi zetu ziende huko?

Wanaokubali wana hoja. Feki zimejaa. Mnunuzi aliyeko Chicago hakujui wewe wa Kaloleni, hawezi kuishika karatasi yako, ila namba ya mtu wa tatu asiye na hisa kwenye biashara anaielewa. Na plastiki yao haigandi kwenye karatasi. Ukitaka unaipasua unaitoa. Leminesheni yetu inayeyusha gundi ikaingia ndani ya karatasi, haitoki tena. Hapo ndipo watu wanapochanganya.

Kwa zile kadi ndogo za picha zilizokuwa zikitundikwa ukumbini, sentimita 28 kwa 36, kama nia yako ni kuuza mbali, mimi nakubali. Piga hesabu ya ada na usafiri kwanza, isije ikazidi bei ya kadi yenyewe.

Lakini bango kubwa, karibu sentimita 69 kwa 104? Hapana, bwana. Hilo lilitengenezwa litundikwe. Mabango ya miaka ile yalisafirishwa yakiwa yamekunjwa, kwa hiyo mikunjo siyo aibu, ni ushahidi kwamba kweli lilifanya kazi. Akija mjanja na Hatari! "ya mwaka 1962" iliyonyooka kama shuka jipya, shtuka! Wakusanyaji wakubwa hulibandika bango bovu kwenye kitambaa kwa gundi inayotolewa kwa maji, na hakuna anayewanunia. Halafu namba hukueleza hali ya karatasi tu. Haikwambii ilitundikwa wapi, nani alisimama mbele yake na shilingi mkononi.

Kule Ghana mabango ya sinema yaliyochorwa kwa mkono kwenye magunia ya unga miaka ya 1980 na 1990 yananunuliwa na wazungu yakiwa yamechanika na kuchafuka. Ungeyapa alama ngapi, 2? Na bado yanagombewa.

Kwa hiyo la kwako liweke kavu, mbali na jua. Usitumie selotepu, usitoboe pini mpya. Ukitaka kulitundika, weka fremu yenye kioo kisichogusa karatasi. Nyuma usiandike kitu. Chukua karatasi nyingine uandike babu alilipata wapi na mwaka gani, maana akishaondoka hakuna wa kumuuliza.

Sinema za mjini zilipofungwa, mabango mangapi yalifungia karanga? Mungu ndiye ajuaye. Yaliyobaki yako chini ya vitanda vya wazee wetu. Wiki hii nenda ukamsalimie babu, shikamoo ya adabu, umwombe afungue sanduku. Na ukipita stesheneri, pita moja kwa moja!