Yatima akitimiza miaka 18, kanisa lisiishie langoni

Kila Desemba makanisa mengi ya Afrika Mashariki hupeleka unga, mchele, sabuni na magodoro katika makao ya watoto yatima. Katika siku hizo hizo, vikundi vya kwaya na akina mama huingia magerezani na katika mahabusu za watoto kuimba, kuhubiri na kugawa soda. Ni kazi njema, na mwenye kuibeza hajawahi kulala njaa. Lakini ziara hizo huishia mahali ambapo kijana, kwa heri au kwa shari, tayari ana pa kulala na ana sahani yake. Shida yake kubwa huanza siku anapofunguliwa lango.

Aliyelelewa katika familia akifika miaka 18 hukaa kwao mpaka apate mwelekeo. Wengine hukaa mpaka miaka 30 na hakuna anayeshangaa. Aliyelelewa kituoni husherehekea siku hiyo kwa kufungasha nguo. Nje anakutana na swali ambalo hakulizoea: kwenu ni wapi?

Swali hilo linaonekana dogo hadi mtu alikose jibu. Kenya, kijana anayeomba kitambulisho huulizwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi, na chifu wa eneo hutakiwa kumtambua. Uganda, mengi huanza na barua ya mwenyekiti wa LC1. Tanzania, ni barua ya serikali ya mtaa au ya kijiji. Serikali zetu zinamjua mtu kwa kupitia kwao, na huyu hana kwao. Bila kitambulisho hasajili laini ya simu kwa jina lake, hafungui akaunti, wala hapati kazi ya maana. Anabaki na vibarua vya siku na chumba cha kushirikiana na watu asiowajua vizuri.

Hapo ndipo kituo cha yatima na gereza vinapokaribiana. Kijana asiye na kitambulisho wala anwani ni mtu mwepesi kukamatwa katika msako wa usiku. Akifikishwa mahakamani, hakimu anaweza kumpa dhamana ya kiasi kidogo tu, lakini dhamana huhitaji mdhamini, na mdhamini kwa kawaida ni baba, mjomba au shangazi. Mwenye ndugu anarudi nyumbani jioni. Asiye na ndugu anarudi rumande, kwa kosa lile lile. Haadhibiwi zaidi kwa alilotenda. Anaadhibiwa kwa kukosa ukoo.

Sheria za kanda zimeanza kusogea. Kenya, kwa Sheria ya Watoto ya 2022, ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, umri ambao Uganda ilikuwa nao tayari. Rwanda ni miaka 14, Burundi 15. Zipo pia taasisi za vijana, kama Shikusa huko Kakamega na Shimo la Tewa huko Mombasa, ambako kijana anaweza kukaa hadi miaka 3 akifundishwa masomo na ufundi. Anatoka akijua kushona au kuranda mbao, ila hana cherehani wala randa, na hana anayemngojea nje.

Makanisa hayawezi kusema suala hili haliwahusu, kwa sababu vituo vingi ni vyao. Waliojenga walifanya hivyo kwa huruma, hasa miaka ya UKIMWI ilipowaacha watoto bila wazazi. Baadaye jengo likawa na mvuto wake. Mfadhili wa ng'ambo hupenda kupiga picha mbele ya bweni. Hakuna anayepiga picha mbele ya ofisi ya chifu akingojea barua. Watoto wengi walioko vituoni wana angalau mzazi mmoja aliye hai, na kilichowafikisha pale ni umaskini zaidi ya uyatima.

Wapo waliokwisha kuliona hilo. Uganda, masista wa mashirika ya kitawa walianzisha mwaka 2016 mpango wa Catholic Care for Children ili watoto walioko katika vituo vyao warudi kwenye familia, na wenzao wa Kenya wakafuata njia hiyo. Si jambo dogo kwa shirika kukubali kupunguza vitanda ambavyo limevitafutia fedha kwa miaka mingi. Rwanda, serikali ilianza mwaka 2013 kuwatoa watoto vituoni kwenda kwenye familia, na kila kijiji kina watu wawili wa kujitolea, mwanamume na mwanamke, wanaoitwa Inshuti z'Umuryango, marafiki wa familia.

Rwanda hiyo hiyo ina Mbyo, wilayani Bugesera, kijiji cha maridhiano kilichojengwa kwa msaada wa huduma ya Kikristo ya magerezani, ambamo manusura wa mauaji ya kimbari na waliotumikia vifungo kwa mauaji hayo wanaishi jirani. Ikiwa huduma ya kanisa iliweza kumsindikiza mtu wa aina hiyo mpaka mlangoni pa nyumba yake, haielekei kushindwa na kijana wa miaka 19 aliyeiba simu.

Kinachotakiwa hakihitaji harambee kubwa. Kila parokia au usharika ulio karibu na kituo unaweza kuwa na wazee wachache walio tayari kuitwa wadhamini, mtu wa kufuatilia vyeti vya kuzaliwa mtoto akiwa bado na miaka 15 na si 18, na familia mbili tatu za kumpokea kijana kwa miezi ya mwanzo. Fundi seremala muumini anaweza kumchukua mmoja karakanani. Vijana waliokulia vituoni waulizwe pia; Kenya wana chama chao, Kenya Society of Care Leavers, na wanajua vizuri kuliko mchungaji kilichowauma.

Liko la kuangaliwa. Msaada huo usigeuzwe bei ya ubatizo. Kijana Mwislamu aliyelelewa katika kituo cha Kikristo anahitaji mdhamini kama mwingine, na asiyerudi ibadani baada ya kutoka gerezani asiachwe kwa sababu hiyo. Vilevile familia zinazopokea vijana zichunguzwe na maofisa ustawi wa jamii, maana si kila mwenye Biblia mkononi ni salama kwa mtoto.

Mkakati wa Kenya wa kuwaondoa watoto vituoni unafikia mwisho wake 2032. Wapo watakaotimiza miaka 18 kabla ya hapo, na majina yao tayari yameandikwa katika madaftari ya vituo vyenyewe.