Kosa ni la Mtu, Si la Kabila: Wito kwa Wakenya Kuhusu Marsabit



Kila mara risasi zinapolia Marsabit, habari hutufikia kwa namna ile ile. Watu kadhaa wameuawa. Waliouawa ni wa kabila fulani, na washambuliaji wanashukiwa kuwa wa kabila jingine. Mifugo imeibwa, polisi wameongezwa, mkuu wa usalama anasema utulivu umerejea. Dakika mbili zimekwisha, kisha michezo. Aliyeuawa hatajwi, aliyeua hatajwi, wala aliyenunua risasi hatajwi. Kinachobaki akilini mwa msikilizaji ni makabila mawili tu: moja la wafiwa, jingine la wauaji.

Nawaandikia kuwaomba jambo moja. Tukatae kusimuliwa hivyo, na tukatae kuhukumu hivyo. Kosa lina mwenyewe. Mhalifu akitajwa na kushtakiwa, mwenye hasira hujua hasira yake ielekee wapi. Asipotajwa, kabila lake zima hubebeshwa damu, na kesho yake kijana anayechunga mbuzi, asiyejua lolote, ndiye anayelipa.

Tuliliona hilo Turbi. Alfajiri ya tarehe 12 Julai 2005, watu wenye silaha walivamia kituo hicho kidogo kilicho kati ya mji wa Marsabit na Moyale. Waliua zaidi ya watu 50, wakiwamo watoto zaidi ya 20, na shule ya msingi ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoshambuliwa. Wengi wa waliokufa walikuwa Wagabra. Muda mfupi baadaye, huko Bubisa, abiria Waborana walitolewa garini wakauawa kulipiza kisasi. Abiria wale hawakuwa Turbi. Hawakushika bunduki. Waliuawa kwa sababu mtu fulani alitazama kabila lao na kuona hatia. Hivyo ndivyo hukumu ya jumla inavyofanya kazi: wenye hatia hujificha nyuma ya wengi, na wengi hufa kwa niaba yao.

Mwaka uliofuata, tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya kijeshi iliyobeba ujumbe wa amani ilianguka Marsabit na kuua watu 14. Wabunge wote wanne wa eneo hilo wa wakati huo walikuwamo: Bonaya Godana wa North Horr, Guracha Galgallo wa Moyale, Abdi Sasura wa Saku na Titus Ngoyoni wa Laisamis. Kwa miaka walikuwa wameshindana vikali, na siku ile walikuwa wakienda kukaa meza moja. Eneo zima lilizika viongozi wake. Waborana, Wagabra, Waburji na Warendile walilia makaburini pamoja, na hakuna aliyeuliza machozi ya nani ni ya kabila gani.

Wengi wetu tunaoishi kusini hatujui ukubwa wa eneo tunalolizungumzia. Kaunti ya Marsabit ina takriban kilomita za mraba 70,000, kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa, na sensa ya 2019 ilihesabu huko watu zaidi ya 450,000. Wako Waborana, Wagabra, Warendile, Waburji, Wasamburu, Waturkana, Wadasanech, Wagarri, Wasakuye, Wakonso na Waelmolo wa ufuo wa Ziwa Turkana. Mipaka ya utambulisho wao si kuta. Mborana na Mgabra huzungumza lugha moja. Wako Warendile wanaozungumza Kisamburu nyumbani. Familia zina shangazi ng'ambo ya mpaka, upande wa Ethiopia. Nenda sokoni Marsabit asubuhi uone: mama wa Kiborana ameleta maziwa katika madumu ya njano, Mburji anapanga sukuma wiki na nyanya, mzee wa Kirendile anauliza bei ya majani ya chai, na wote wanapatana bei bila mkalimani. Watu hawa hawakuzaliwa maadui. Uadui wao una historia, una faida kwa baadhi ya watu, na una wanaoulisha.

Historia yenyewe ni nzito. Serikali ya kikoloni iliifanya kaskazini kuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, eneo lililofungwa ambalo mgeni hakuingia bila kibali. Uhuru ulipokuja, vita vya Shifta vya miaka ya 1960 viliwafanya wakazi wote waonekane waasi, na hali ya hatari ikadumu kaskazini hadi 1991. Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965 ukaelekeza fedha za maendeleo kule ambako ardhi, mvua na miundombinu vingeleta faida ya haraka. Kaskazini haikuwa na kimojawapo kwa kiwango hicho, kwa hiyo ikangoja. Lami ilifika Moyale zaidi ya miaka 50 baada ya bendera kupandishwa. Mahali ambapo kituo cha polisi kiko mwendo wa siku nzima na mahakama iko mbali zaidi, mtu hutafuta ulinzi kwa ukoo wake na bunduki iliyovushwa mpakani. Halafu tunashangaa kwa nini anautegemea ukoo.

Juu ya hayo kukaja siasa. Ugatuzi ulioanza 2013 ulileta mabilioni ya shilingi katika makao makuu ya kaunti, na uchaguzi ukawa vita vya kushika ufunguo wa hazina. Warendile, Wagabra na Waburji waliungana na kushinda ugavana mwaka huo. Kabla mwaka haujaisha, Moyale iliwaka, maduka na nyumba zikateketezwa, na maelfu ya watu wakakimbia, wengi wakivuka kwenda Ethiopia kutafuta usalama ambao nchi yao haikuwapa. Mei 2022, miezi mitatu kabla ya uchaguzi mwingine, serikali ilitangaza kafyu Marsabit kutokana na mauaji. Mauaji yanayopanda na kalenda ya uchaguzi hayawezi kuelezwa kwa ng'ombe na malisho peke yake.

Hapa ndipo ninapowageukia ndugu zangu waandishi wa habari. Najua hali mnayofanyia kazi. Mwandishi wa mashinani mara nyingi hulipwa kwa kila habari inayotumika. Kutoka mji wa Marsabit hadi North Horr au Illeret ni safari ndefu ya mchanga na mawe, na hakuna anayemlipia gari. Basi hupiga simu. Anayepokea ni afisa wa polisi au mwanasiasa, na kila mmoja ana sababu yake ya kusimulia anavyosimulia. Mhariri Nairobi anataka idadi ya maiti kabla ya saa moja jioni. Hivyo kabila linachukua nafasi ya uchunguzi: ni neno fupi, linaonekana kueleza kila kitu, na halihitaji gari.

Lakini maadili ya taaluma yenu yanadai zaidi. Kanuni za uandishi wa habari nchini, zinazosimamiwa na Baraza la Vyombo vya Habari, zinataka habari za migogoro ya kikabila zithibitishwe kwanza, ziandikwe kwa tahadhari, na vichwa vya habari visichochee. Tunawaomba mzitekeleze Marsabit kama mnavyozitekeleza Nairobi. Benki inapoibwa Nairobi, hamwandiki kwamba kabila fulani limeiba benki. Mnaandika majina ya washukiwa, tarehe ya kufikishwa kortini na kesi ilikoishia. Fanyeni vivyo hivyo ng'ombe wanapoibwa Laisamis. Mtajeni aliyekufa, alikuwa nani na ameacha nani. Ulizeni ng'ombe waliuzwa soko gani na lori la nani liliwabeba. Rudini baada ya mwezi muulize ni nani ameshtakiwa. Kama jibu ni hakuna, hiyo ndiyo habari ya ukurasa wa kwanza.

Na zipo habari nyingine ambazo hazina maiti. Huko Laisamis imesimama mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa kuzalisha megawati 310, umeme unaosafirishwa kwenda kuwasha taa za kusini. Wakazi walipoona ardhi yao ya jumuiya imekwenda bila utaratibu, hawakuchukua bunduki. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru ikaamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha sheria. Wafugaji walioambiwa miaka yote kwamba hawajui lugha nyingine isipokuwa risasi walishika njia ya sheria. Wakenya wangapi walisikia hilo? Linganisheni na wangapi walisikia kuhusu mifugo iliyoibwa wiki ile.

Ndugu zangu wa kaskazini, wito huu unawahusu ninyi zaidi ya mtu yeyote, kwa sababu ninyi ndio mnaozika. Mnajua jinsi uchochezi unavyosafiri siku hizi. Picha ya maiti, pengine ya nchi nyingine, hutumwa katika kundi la WhatsApp usiku, pamoja na sauti ya mtu asiyejitambulisha anayesema wamekuja, jiandaeni. Kufikia alfajiri vijana wako njiani. Tufute sauti hizo. Tuulize: umeona wewe mwenyewe, au umetumiwa? Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inaufanya uchochezi wa kikabila kuwa kosa la jinai, na Ibara ya 33 ya Katiba inasema wazi kwamba uhuru wa kujieleza haufiki kwenye maneno ya chuki. Mwenye sauti ile ana namba ya simu, na namba ina mwenyewe.

Wazee, mnalo tayari la kuwafundisha wengine. Mwaka 2009 Waborana na Wagabra walikutana Maikona na Walda wakatoa azimio la amani. Liliweka adhabu kwa mtu anayeua na anayeiba mifugo, ili deni liwe la mkosaji na si la kila mwenye kuzaliwa upande wake. Maana yake ni kwamba mzee anamtoa mwanawe aliyekosa, badala ya kumficha kwa jina la kabila. Huko Wajir, tangu miaka ya 1990, Dekha Ibrahim Abdi na wanawake wenzake walitembea kutoka ukoo hadi ukoo mpaka bunduki zikanyamaza, na mwaka 2007 ulimwengu ukamtunuku Tuzo ya Right Livelihood. Amani ya kaskazini imekwisha kujengwa na watu wa kaskazini. Kilichokosekana mara nyingi ni mahakama na polisi wa kuisimamia.

Kuna methali tunayoipenda: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Itumieni sokoni. Kwa watu ni uongo: mtu mmoja akiua, jirani yake hajaua.

Kwa hiyo tufanye haya, kila mmoja alipo.

Wasomaji na wasikilizaji: kituo au gazeti likitangaza mauaji kwa jina la kabila tu, andikeni kwa mhariri. Ulizeni majina, ulizeni sababu, ulizeni kesi. Wakizidi, pelekeni malalamiko kwa Baraza la Vyombo vya Habari, ambalo lina tume ya kuyasikiliza.

Wenye vyombo vya habari: waajirini waandishi wanaojua lugha na njia za huko, na muwalipie safari. Redio za Marsabit zinasikilizwa hadi machungani. Wapeni nafasi wazee na akina mama wa pande zote katika kipindi kimoja, si kila upande kwa zamu yake.

Viongozi wa kidini: siku ya mazishi, kataeni kumpa kipaza sauti mwanasiasa anayekuja kuhesabu maiti kwa kabila.

Wabunge na serikali: Ibara ya 204 ya Katiba ilianzisha Hazina ya Usawazishaji kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa, kwa nusu asilimia ya mapato ya taifa. Fedha hizo zimechelewa miaka mingi. Zipelekeni. Pelekeni pia wapelelezi, waendesha mashtaka na mahakimu, kwa sababu kafyu huwafungia ndani wote, mwenye hatia na asiye na hatia, lakini kesi humfunga mkosaji peke yake.

Wapiga kura: 2027 iko mlangoni. Mgombea akija kuwaambia kwamba kabila jirani ndilo adui, muulizeni alifanya nini kuhusu kisima, zahanati na kesi za waliouawa. Asipokuwa na jibu, mnyimeni kura, hata kama ni mtoto wa nyumbani.

Watoto wa Turbi walikuwa Wakenya. Abiria wa Bubisa walikuwa Wakenya. Walistahili majina katika habari na haki mahakamani, si nafasi katika orodha ya makabila. Tukianza leo kumdai mkosaji kwa jina lake, tutawaokoa watoto ambao bado wako hai. Tuanze.