Fundi, pima kwanza ndipo ubadilishe!

Nimerudi chuo jana kutoka kwetu Mpanda, mfukoni sina kitu. Bumu langu limeishia kwenye gari la mjomba, na kosa ni langu pia.

Mjomba anakaa Makanyagio. Ana Land Rover 109, Series III ya petroli, kabureta yake Zenith. Gari hilo ndilo linabeba mpunga kutoka Kakese, na ndilo limenisomesha mimi. Likiwa limesimama linaunguruma safi kabisa. Ukikanyaga mafuta ghafla, linajikwaa, linakohoa, halafu ndiyo linavuta. Yaani tuko Makanyagio, tunakanyaga, na gari haliendi!

Fundi hakuuliza kitu. Akasema plagi, tukanunua. Bado. Platini. Bado. Koili. Bado. Mimi msomi nikatoa sh. 80,000 bila swali hata moja. Siku ya nne mjomba akaniangalia akasema, "Hivi mwalimu, huko chuo mnafundishwa kulipa tu?"

Jamani, iliniuma. Nikamfuata mzee mmoja jirani, fundi wa zamani. Kwanza akauliza: linakohoa wakati gani? Kisha akavuta choki kidogo, tukakanyaga tena. Kukohoa kukapungua. Akasema hapo petroli inayofika ni kidogo kuliko hewa.

Akazima injini, akaiacha ipoe, akafungua chujio la hewa. Akachungulia kwenye koo la kabureta huku akisukuma mkono wa mafuta. Hapo ilitakiwa petroli iruke mara moja kama mshale. Haikutoka hata tone!

Kumbe ukikanyaga ghafla, hewa inaingia haraka kuliko petroli. Ndiyo maana kabureta ina kipampu cha kurusha petroli ya ziada kwa sekunde ile. Chetu kilikuwa kimekwama kwa uchafu. Akakisafisha, akakirudisha, gari likavuta bila kujikwaa. Hakuna spea iliyonunuliwa.

Najua mtasema fundi wa kwanza hakukosea sana, kwani hata moto wa plagi ukiwa mbovu gari linakohoa. Kweli. Lakini kuchungulia kabureta ni dakika tano na ni bure. Kwa nini uanze na kinachokula hela ya mtu? Na sisi wenye magari tuache kulipa kimya kimya. Tumuulize fundi: umejuaje?

Nimewaza sana kwenye basi. Karibu nakwenda mazoezi ya kufundisha. Darasani kuna mtoto ambaye peke yake anafanya hesabu vizuri, ukimuuliza ghafla anakwama. Nitaanza na fimbo, kama fundi yule na plagi zake? Au nitauliza kwanza anakwama wakati gani?

Nawasilisha. Nyie wenzangu wa ualimu mnasemaje?