Akiba ya Umeme na Shamba la Nabothi



Katika tafakari ya juma hili tunapenda kuzungumzia jambo linalozidi kujadiliwa katika nchi nyingi: ujenzi wa vituo vya betri kubwa za kuhifadhia umeme, ambavyo mara nyingi hupangwa kujengwa mashambani. Wako wanaoviona kuwa neema, na wako wanaoviogopa. Ni vyema tupime sababu za pande zote mbili kwa mwanga wa imani kabla mradi wa namna hiyo haujabisha hodi kijijini kwetu.

Tuanze na manufaa. Hapa Kenya, mvuke wa jotoardhi wa Olkaria haulali usiku, na upepo wa Loiyangalani huvuma kwa nguvu watu wakiwa usingizini. Mahitaji yanaposhuka, mvuke huachiwa hewani na mitambo ya upepo hupunguziwa kazi. Jioni, taa zote zinapowashwa kwa pamoja, mitambo ya mafuta yenye gharama na moshi huitwa kusaidia. Betri hupokea umeme wa ziada na kuurudisha saa ya uhitaji. Wenzetu wa Malawi wamekwisha kuanza: mtambo wa jua wa Golomoti, wenye megawati 20, ulianza kazi mwaka 2022 ukiwa na betri zake. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitaja kwamba teknolojia ya kuhifadhi nishati bado inahitaji kuendelezwa. Wanawali watano walihesabiwa kuwa na busara kwa sababu walichukua mafuta ya akiba.

Lakini hofu nayo ina msingi. Seli moja ya betri ya lithiamu ikipata joto kupita kiasi huweza kuwasha jirani zake. Moto wake ni mgumu kuuzima, na moshi wake una sumu. Tarehe 16 Januari 2025 kituo cha Moss Landing, California, kiliwaka, na watu zaidi ya elfu moja wakaamriwa kuhama makwao kwa muda. Huko betri nyingi zilipangwa ndani ya jengo moja. Vituo vingi vya siku hizi huziweka nje, katika makontena yaliyotenganishwa. Kwa hiyo anayesema kwamba hatari haipo hasemi kweli, na anayesema kwamba haiwezi kupunguzwa naye hasemi kweli.

Tunalo somo chungu karibu nasi. Huko Kinangop, Nyandarua, ulikusudiwa mradi wa upepo wa megawati 60.8. Wakulima walihofia ardhi yao na afya zao. Mwezi Februari 2015 mtu mmoja aliuawa wakati wa maandamano, na mwaka uliofuata wenye mradi wakauacha. Umeme haukupatikana, mtaji ukapotea, na familia moja ikabaki na kaburi.

Tumkumbuke Nabothi. Mfalme Ahabu alikuwa tayari kumlipa fedha, au kumpa shamba lililo bora zaidi. Kwa hesabu ya soko, bei haikuwa mbaya. Msiba ulianza pale ambapo neno "hapana" halikuwa na nafasi ya kuheshimiwa. Kumwuliza mtu wakati jibu limekwisha kuandikwa ni kumdhihaki. Ndiyo maana Laudato Si' inataka wenyeji wapewe nafasi ya pekee katika majadiliano ya miradi inayowagusa, na Katiba yetu ya mwaka 2010, Ibara ya 10, inataja ushirikishwaji wa wananchi kati ya tunu za taifa.

Msimamo wetu basi ni huu: kijiji kisikatae betri kwa kuwa ni ngeni, wala kisikubali kwa kuwa imeitwa maendeleo. Jumuiya ndogo ndogo zidai majibu kwa maandishi, kwa lugha inayoeleweka, kabla ya mtu yeyote kutia sahihi. Kituo kitakuwa mbali kiasi gani na nyumba, shule na kisima? Gari la zimamoto litatoka wapi, na litafika baada ya muda gani? Betri zikichakaa, nani ataziondoa, na fedha za kazi hiyo zimewekwa wapi? Je, kijiji kinachotoa ardhi kitawashiwa taa, au nyaya zitapita juu ya mapaa yake kwenda mjini?

Nasi tuna wajibu wetu. Tusieneze uvumi tusioweza kuuthibitisha. Anayetaka kukodisha shamba lake asiitwe msaliti, na anayekataa asiitwe adui wa maendeleo. Wote wawili watapanga mstari mmoja Dominika kupokea Mwili wa Bwana, na hakuna umeme unaostahili kununuliwa kwa kuuvunja mstari huo.

Mungu awabariki nyote.