Koti Jeusi na Njia ya Chuoni

Ndugu na jamaa mlioko London na miji mingine ya Uingereza, nina neno juu ya watoto wetu, na nalisema mapema kwa sababu baridi ikishaingia litakuwa limechelewa.

Kwetu Unguja jua hutua baina ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima, na mtoto aliyetoka chuoni baada ya laasiri hufika nyumbani bado kweupe. Hapa, Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma na jioni hukatika ghafla. Disemba, London, magharibi huingia kabla ya saa kumi. Mtoto hutoka skuli, hutia kitu tumboni, huenda chuoni, na anaporejea ni usiku khasa. Kanzu yake nyeupe, ambayo ingemsaidia, imefunikwa na koti jeusi. Wasichana ndio zaidi: buibui jeusi, koti jeusi, mkoba mweusi. Koti hununuliwa jeusi kwa kuwa halionyeshi uchafu. Wala halimwonyeshi mtoto.

Kitabu cha sheria za barabara cha hapa, Highway Code, chasema gari liendalo maili 30 kwa saa huhitaji kiasi cha mita 23 mpaka lisimame. Mita hizo huanza kuhesabiwa pale dereva amwonapo mtoto. Na mtoto hudhani kwamba akiziona taa za gari, basi naye keshaonekana. Mtoeni dhana hiyo kwanza.

Wapo watakaoniambia wameshanunua kizibao cha manjano. Vyema, kwa mchana na kwa utusitusi. Usiku rangi ile haifui dafu. Kinachotakiwa ni utepe unaorudisha mwanga kule kule ulikotoka. Ukiutazama sebuleni ni kitambaa cha kijivu tu, ndiyo maana watu huudharau. Zimeni taa, shikeni tochi karibu na jicho, muumulike. Na ushonwe mikononi na kwenye upindo, kwani kinachotikisika huvuta jicho la dereva upesi.

Jambo lenyewe si geni. Baina ya 1968 na 1971, Uingereza ilipoacha saa mbele mwaka mzima, asubuhi za baridi zilikuwa giza, na watoto wengi walivishwa mikanda ya kung'ara wakienda skuli. Huko Finland sheria yenyewe yamtaka aendaye kwa miguu gizani avae kitu cha kurudisha mwanga, mkubwa kwa mdogo. Kwa hiyo kijana asiseme anavishwa kama mfanyakazi wa barabara.

Tena wako wazazi wasimamishao gari upande wa pili na kumpigia mtoto honi avuke. Hawa nawaambia waziwazi: shukeni, mkamshike mkono. Mtoto achomozaye baina ya magari mawili yaliyosimama hakuna utepe wa kumwokoa.

Rai yangu ni kwamba kila chuo kinunue utepe huo kabla saa hazijarudishwa. Huuzwa kwa mita katika maduka ya vifaa vya kushonea. Bibi zetu wanaojua sindano wapo, na makoti thelathini ni kazi ya siku mbili tatu, chai ikiwapo. Na atakayesema koti la mwanawe ni la ghali, lisitobolewe, basi ampe mkanda wa kufunga mkononi.